Mgombea Wetu Naye Aulizwe

(Hotuba kwa wazungumzaji wa Kiswahili waishio Dublin)

Mwenyekiti, wazee wetu, shikamooni. Kina mama na kina baba, kaka na dada zangu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa rais wa mwaka 2025 hapa Ireland, na mwenyekiti amenitahadharisha nisimpigie mtu debe. Asiwe na wasiwasi. Catherine Connolly aliapishwa tarehe 11 Novemba pale Dublin Castle, kwa hiyo hata nikipiga debe, basi limeshaondoka. Nataka tuangalie jinsi vyama vya nchi hii vinavyompata mgombea na vinavyomkagua, kwa sababu wengi wenu mmepata uraia miaka ya karibuni na kura hii sasa ni yenu. Mwingereza aliyezeekea Cork anaruhusiwa kumchagua mbunge, lakini rais hamchagui. Muairishi wa kuzaliwa anayeishi Boston au Nairobi, naye hana kura. Wewe uliyekula kiapo cha uraia na unaishi Tallaght unayo.

Nitasema mapema ninachoamini, ili anayetaka kunibishia ajiandae. Uaminifu kwa chama haumsaidii mpiga kura kumjua mgombea. Mara nyingi humponza mgombea mwenyewe, kwa kuwa watu wa nyumbani kwake ndio wanaoona haya kumuuliza.

Tuanze na kazi yenyewe. Rais wa Ireland haongozi serikali. Serikali ni ya Taoiseach, yaani waziri mkuu. Rais hukaa Áras an Uachtaráin, ndani ya Phoenix Park, kwa miaka saba, na anaweza kuongezewa saba mingine. Hutia saini sheria, hupokea mabalozi, huhutubia. Mambo mazito anayoweza kuamua kwa kichwa chake ni machache, na mawili ndiyo yaliyowahi kutikisa nchi: kupeleka muswada Mahakama ya Juu upimwe kama unakwenda na katiba, na kumkatalia waziri mkuu aliyepoteza wingi wa wabunge asilivunje bunge. Tazameni vizuri: yote mawili ni uwezo wa kuwaambia wanasiasa hapana. Sasa mtu aliyepandishwa cheo na chama maisha yake yote, siku ya kukiambia chama hicho hapana, ataweza?

Wapo walioweza, na iliwagharimu. Mwaka 1976 Rais Cearbhall Ó Dálaigh, aliyewahi kuwa jaji mkuu, alipeleka mahakamani muswada wa mamlaka ya dharura. Waziri wa ulinzi, Paddy Donegan, akasimama mbele ya wanajeshi kule Mullingar akamwita rais wa nchi fedheha. Waziri mkuu hakumfukuza. Wabunge wakapiga kura, kila mmoja na chama chake, na waziri akabaki. Rais akajiuzulu. Siku ile wabunge wa serikali walikuwa waaminifu kabisa kwa chama. Sijui kama ni jambo la kujivunia.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha 1990, na hapo naomba mnivumilie kwa sababu nitakaa kidogo.

Fianna Fáil walimsimamisha Brian Lenihan. Alikuwa naibu waziri mkuu na waziri wa ulinzi, mtu wa chama tangu ujana, mcheshi, aliyependwa hata na wapinzani wake. Mwaka uliotangulia alikuwa amepandikizwa ini Marekani, na nchi nzima ilimwonea huruma. Chama chake kilikuwa hakijawahi kushindwa kura ya rais tangu cheo kianzishwe kwa katiba ya 1937. Kwa maneno mengine, kazi ilionekana imekwisha.

Kumbe kulikuwa na usiku mmoja wa Januari 1982. Serikali ya Garret FitzGerald ilikuwa imeangushwa bungeni kwa bajeti, naye akaenda kwa Rais Patrick Hillery kuomba bunge livunjwe. Vigogo wa Fianna Fáil hawakutaka uchaguzi. Walitaka rais akatae, wao waunde serikali bila kurudi kwa wananchi. Usiku huo simu zikalia mfululizo Áras. Hillery, ambaye naye alitoka chama hichohicho, hakukubali kuburutwa. Bunge likavunjwa.

Miaka minane baadaye, Lenihan akiwa mgombea, akaulizwa kwenye televisheni kama alikuwa miongoni mwa waliopiga simu zile. Akakana. Bahati mbaya kwake, miezi michache nyuma alikuwa amemwambia mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akifanya utafiti kwamba alipiga, na mwanafunzi yule alikuwa amemrekodi. Kanda ikachezwa mbele ya waandishi wa habari. Lenihan akaenda moja kwa moja kwenye taarifa ya habari ya jioni, akaitazama kamera, akasema kwamba baada ya kutafakari kwa makini anakumbuka hakupiga. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Chama kidogo kilichokuwa kwenye serikali ya mseto, Progressive Democrats, kikasema ama Lenihan aondoke ama serikali ivunjike. Tarehe 31 Oktoba, wiki moja kabla ya kura, waziri mkuu Charles Haughey akamfuta kazi rafiki yake wa miaka mingi. Akamfuta uwaziri, jamani, lakini akaendelea kuwa mgombea wa chama! Dada yake Lenihan, Mary O'Rourke, alikuwa waziri wa elimu katika baraza lilelile, naye akabaki kwenye kiti chake. Kwa hiyo wanachama wakaambiwa: mtu huyu hafai kuwa waziri, mpigieni kura awe rais. Na wengi wakafanya hivyo. Alipata asilimia 44 ya kura za kwanza, akaongoza.

Aliongoza lakini hakushinda, kwa sababu ya namna kura za hapa zinavyopigwa. Hampigi alama moja. Mnaandika 1, 2, 3 kwa jinsi mnavyopendelea. Asipopatikana wa kuvuka nusu, wa mwisho huondolewa na kura zake humwendea yule aliyeandikiwa namba inayofuata. Wa mwisho mwaka ule alikuwa Austin Currie wa chama cha Fine Gael, na zaidi ya robo tatu ya kura zake zikamwendea Mary Robinson, mwanasheria aliyekuwa wa pili kwa asilimia 39. Robinson akawa rais mwanamke wa kwanza wa nchi hii. Wazee wetu waliokuwa Nairobi mwaka 1992 huenda wanamkumbuka: alitoka Somalia kuona njaa, akazungumza na waandishi wa habari pale Nairobi huku machozi yakimlenga. Miaka miwili baadaye alikwenda Rwanda, na mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ukamteua mjumbe maalumu wa eneo letu la Maziwa Makuu.

Robinson alikuwa amekihama chama cha Labour mwaka 1985. Labour walipomfuata wamsimamishe, hakukubali kurudi kuwa mwanachama. Wakamuunga mkono hivyohivyo. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Sasa tuje kwenye mlango wa kuingilia, maana hapo ndipo vyama vina nguvu kuliko mahali pengine popote. Ili jina lako litokee kwenye karatasi ya kura unahitaji ama wabunge na maseneta 20 wakudhamini, ama halmashauri 4 kati ya 31 zilizopo. Rais aliyeko madarakani au aliyestaafu anaweza kujidhamini mwenyewe. Kwa ndugu zangu wa Tanzania, ambako mgombea binafsi hana pa kupitia, huu ni mlango mpana. Wakenya wanaojua kuhangaika na saini za kaunti 24 wataupima wenyewe. Lakini mlango huu una mabawabu, nao ni wanachama wa vyama. Mwaka 2025 hakuna hata mtu mmoja aliyepita kwa njia ya halmashauri. Mwanasheria Maria Steen alikusanya wabunge na maseneta 18, akapungukiwa na wawili. Karatasi ikabaki na majina matatu, na siku chache baadaye hata hao hawakuwa watatu tena.

Ndani ya kuta za vyama kuna kura nyingine ambayo mwananchi haioni. Mwaka 1997 Albert Reynolds, aliyewahi kuwa waziri mkuu, aliamini Fianna Fáil itampa tiketi. Duru ya kwanza aliongoza, ya pili akapitwa na Mary McAleese, mhadhiri wa sheria kutoka Belfast. Inasimuliwa kuwa kiongozi wa chama, Bertie Ahern, alimwonyesha Reynolds karatasi yake aone kwamba amempigia yeye. Kwa nini mtu amwonyeshe mwenzake kura ya siri? Wanasiasa wa Dublin bado wanacheka wakiikumbuka karatasi ile.

Baada ya hapo Fianna Fáil hawakusimamisha mtu wao kwa miaka 28. Mwaka 2025 wakaamua kurudi, wakawa na watu wawili: Billy Kelleher, mbunge wa Bunge la Ulaya, na Jim Gavin. Kwa asiyefuatilia michezo ya hapa, Gavin ndiye kocha aliyeiongoza Dublin kutwaa ubingwa wa Ireland wa kandanda ya Kigaeli mara sita, mara tano mfululizo. Aliwahi pia kuwa ofisa wa jeshi la anga. Hakuwa amewahi kugombea cheo chochote cha siasa. Waziri mkuu Micheál Martin alimtaka yeye, na kiongozi akishaonyesha kidole, wabunge wengi huangalia kidole hicho. Gavin akapata 41, Kelleher 29.

Fikirieni chumba kile. Wabunge wanajua kiongozi anamtaka nani. Kumwuliza Gavin maswali makali ni kama kumhoji Martin mwenyewe. Na mtu akiwa shujaa wa michezo, nani atataka kuonekana mnoko kwa kumwuliza kuhusu nyumba alizopangisha na wapangaji aliowahi kuwa nao?

Gazeti likauliza. Ikatokea habari ya mpangaji ambaye mwaka 2009 alilipa kodi ya ziada ya yuro 3,300 kwa makosa, na fedha hizo hazikurudishwa. Yuro 3,300! Katika nchi yenye uhaba wa nyumba kama hii, ambako humu ndani wapo wanaolala watu watatu chumba kimoja kwa kodi inayotoa machozi, habari ile ilimchoma kila mpangaji. Usiku wa Jumapili tarehe 5 Oktoba, Gavin akajitoa.

Muda wa kubadilisha karatasi ulikuwa umepita. Jina lake likabaki, picha ikabaki. Na sasa sikilizeni: mtu aliyeondoka mashindanoni, aliyesema wazi haendelei, alipata kura zaidi ya 103,000, asilimia 7. Wengine walikuwa wanamhurumia, wengine walikuwa wanakitumikia chama hata kisipokuwa na mgombea. Ndani ya Fianna Fáil wabunge walimgeukia kiongozi wao kwa hasira, na chama kikalazimika kuchunguza kilivyomchuja mtu wake. Mimi simwoni Gavin kama mtu mbaya. Naona mtu aliyesukumwa jukwaani na watu waliompenda kiasi cha kutomuuliza.

Fine Gael nao walikuwa na mkasa wao. Mairead McGuinness, waliyemtegemea, alijitoa Agosti kwa sababu za kiafya. Heather Humphreys, waziri wa zamani kutoka Monaghan, akachukua nafasi. Mwanamke anayeheshimika, sitasema vingine. Ila chama kiliona kinaachwa nyuma, kikamgeukia Connolly. Kikatoa video kuhusu kazi yake ya uwakili, kwamba aliwahi kusimamia mabenki katika kesi za kuwanyang'anya watu nyumba. Mawakili wenyewe walisema wakili wa hapa hachagui mteja. Connolly aliulizwa pia kuhusu safari yake ya Syria ya 2018, kuhusu mtu aliyemwajiri bungeni aliyekuwa amefungwa kwa kosa la silaha, na kuhusu kauli yake juu ya Ujerumani kujiongezea silaha. Baadhi ya majibu yake hayakuniridhisha, na hilo la mabenki alilijibu kwa kuzungukazunguka. Lakini maswali yaliulizwa, akasimama mbele yake wiki baada ya wiki, na mpiga kura akapata nafasi ya kupima. Gavin hakuipata nafasi hiyo mapema, akiwa bado na muda wa kurudisha fedha za watu.

Na usaili wenyewe unaweza kuwa mchafu. Mwaka 2011 Seán Gallagher, mfanyabiashara, aliongoza kura za maoni hadi siku chache kabla ya uchaguzi. Katika mdahalo wa mwisho wa RTÉ, shirika la utangazaji la taifa, Martin McGuinness wa Sinn Féin alimtuhumu kuwa alichukua hundi ya mchango kwa niaba ya Fianna Fáil, na mtangazaji akasoma hewani ujumbe wa Twitter uliodhaniwa umetoka kwenye kampeni ya McGuinness. Haukutoka huko, akaunti ilikuwa ya watu wengine. Gallagher akababaika, akataja bahasha, na siku tatu baadaye akashindwa na Michael D. Higgins. Mamlaka ya utangazaji ilikubali malalamiko yake baadaye, na mwaka 2017 RTÉ ikamlipa fidia. Kwa hiyo ninaposema mgombea aulizwe, simaanishi apigwe kwa chochote kinachoonekana kwenye simu dakika hiyo. Hata sisi, ndugu zangu, katika magrupu yetu ya WhatsApp, tunasambaza kwanza halafu tunauliza.

Mwaka huohuo wa 2011 unatoa ushahidi mwingine. Fine Gael walikuwa wameshinda uchaguzi wa bunge Februari kwa asilimia 36. Oktoba mgombea wao wa urais, Gay Mitchell, alipata asilimia 6. Miezi minane tu! Zamani hapa mtu alirithi chama pamoja na shamba. Familia zilihesabiana tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923. Bungeni bado unaona mabaki yake. Kwenye kura ya rais, mwananchi alikwisha kujifungua kamba zamani.

Turudi kwa Labour. Connolly alikuwa mwanachama wao, diwani na meya wa Galway. Alitaka kugombea ubunge pamoja na Higgins huko Galway West, chama kikamkatalia, akaondoka. Mwaka 2016 akaingia bungeni kama mbunge huru. Mwaka 2025 Labour hao hao, pamoja na Social Democrats, People Before Profit, Sinn Féin na chama cha Kijani, wakamuunga mkono arithi kiti cha Higgins huyohuyo. Marais wawili, Robinson na Connolly, wote walikihama chama kile, wote kikaja kuwapigia magoti. Si kila mtu alikubali. Alan Kelly, aliyewahi kuwa kiongozi wa Labour, alisema hadharani hatampigia Connolly kura. Mimi nampa heshima yake: alimpima mgombea kwa kipimo chake, akasema alichokiona, na chama hakikufa.

Connolly alipata kura 914,143, asilimia 63, idadi kubwa kuliko mgombea yeyote katika historia ya uchaguzi huu. Lakini msisahau upande wa pili wa karatasi. Waliojitokeza hawakufika nusu ya waliojiandikisha. Na kura zilizoharibika zilikuwa zaidi ya 213,000, karibu asilimia 13, wakati mwaka 2018 zilikuwa kama asilimia moja. Wengi waliandika majina ya watu wasiokuwapo kwenye karatasi, au walichora mistari na matusi. Kati yao wapo ambao siasa zao zingenifanya nifunge mlango mapema usiku, hasa waliokuwa wanatuandika sisi wageni. Hata hivyo malalamiko yao kwamba mabawabu walifunga lango siwezi kuyaita uzushi. Vyama vinapotumia udhamini kuwalinda watu wao badala ya kuwapima wagombea, mtu anayekosa jina analolitaka hupiga kura yake kwa hasira.

Kuna jambo moja la vitendo, halafu nimwachie mwenyekiti. Uchaguzi wa rais ujao, kama hakuna litakalotokea katikati, ni 2032. Uchaguzi wa madiwani ni 2029. Ndio madiwani hao watakaokuwa na uwezo wa kumdhamini mgombea wa urais miaka mitatu baadaye. Na kura ya madiwani hapa haihitaji uraia: mkaazi yeyote wa miaka 18 na kuendelea aliyejiandikisha anapiga. Yaani hata wewe mwenye kadi ya ukaazi tu, unayedhani urais haukuhusu, diwani atakayebisha hodi kwako Blanchardstown au Lucan mwaka 2029 anakuhitaji. Akimaliza kuzungumzia barabara na taka, mwulize mawili: chama chake kikimwamuru awazuie wagombea wasio wa chama, atafanyaje? Na akiletewa wa chama chake, atamuuliza nini kabla ya kunyoosha mkono? Fomu za kujiandikisha ziko pale mlangoni kwa katibu, na wale wawili waliohama mwezi uliopita wasisahau kubadilisha anwani.